Utafiti Ukitoka Chuoni, Nani Anaupokea?

Ndugu zangu, asanteni kwa kunikaribisha. Tukizungumzia utafiti wa chuo kikuu kuingia kwenye biashara, wengi hufikiria hataza tu, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi kisheria: chuo kinasajili uvumbuzi, kampuni inalipa, kazi imekwisha. Laiti ingekuwa hivyo.

Mwaka 1973, Stanley Cohen wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na Herbert Boyer wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walionyesha namna ya kukata kipande cha DNA na kukipandikiza ndani ya bakteria, naye akawa anakinakili kila anapozaliana. Hataza ya kwanza ya njia hiyo ilitoka 1980. Stanford wangeweza kuiuza kwa tajiri mmoja. Hawakufanya hivyo, walitoa leseni ya kuitumia kwa kila aliyeitaka, kwa ada ya kuanzia ya dola 10,000 na asilimia ndogo ya mauzo. Hadi hataza zinakwisha 1997, leseni zilikuwa zimepita 400 na mapato dola milioni 200. Kwa maoni yangu, mlango ule kuachwa wazi ulichochea ubunifu kuliko hataza yenyewe.

Lakini nani alitangulia kuigeuza njia hiyo kuwa bidhaa? Ni Genentech, kampuni ambayo Boyer mwenyewe aliianzisha na Robert Swanson mwaka 1976. Insulini yao ya binadamu, dawa ya kisukari iliyotengenezwa na bakteria kwa njia hiyo, ilipatikana maabarani 1978, na 1982 ikaruhusiwa kuuzwa Marekani kupitia kampuni ya dawa ya Eli Lilly. Makala ya njia ile yalikuwa yamechapishwa, yeyote aliweza kuyasoma. Lakini Genentech walikuwa na Boyer, mtu aliyeifanya kazi kwa mikono yake, na makala hayakufundishi kutambua mapema jaribio linaloanza kuharibika.

Mwaka 1990 Wesley Cohen (huyu ni Cohen mwingine, msichanganye) na Daniel Levinthal, watafiti wa masuala ya kampuni, waliandika kwamba uwezo wa kampuni kutumia maarifa ya nje hutegemea yale inayoyajua tayari. Hapo ndipo ninapogombana na wakurugenzi wanaofunga maabara zao wakisema watanunua utafiti vyuoni. Watanunua, sawa. Nani atausoma?

Kwa hiyo mnapokaa kujadili mkataba, msiishie kwenye ada. Ulizeni mtafiti atakuja kwenu siku ngapi kwa mwezi, mwanafunzi wake mnaweza kumwajiri, na upande wenu ni mhandisi yupi atakayekaa naye. Kama jina la huyo mhandisi halipo, ahirisheni kutia saini.