Fungua kabla hujanunua: kuongeza RAM na SSD kwenye laptopu

Karibu mtazamaji. Niko mezani kwangu hapa Mwanga, Kigoma, na mashine hii ni HP EliteBook 840 G1 ya mwalimu mmoja wa Ujiji. Anasema akiiwasha, anainjika chai na inachemka kabla haijafunguka. Ina RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 4 na hadidiski ya kuzunguka. Anauliza: nibadilishe vya ndani, au nitafute nyingine?

Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, tuiache. Kwenye mashine hii, kama laptopu nyingi za miaka ya karibuni, imechomelewa kwenye bodi kuu ya ndani. Atakayekuahidi kugeuza prosesa ya Core i3 iwe i7, muulize bodi nyingine anaitoa wapi. Tunachoweza kugusa ni RAM na diski, na hivyo viwili ndivyo vinavyomchelewesha mwalimu.

Kwanza, kabla ya bisibisi, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Nenda sehemu ya utendaji (Performance), kisha kumbukumbu (Memory). Utaona nafasi ngapi za RAM zimetumika. Usiishie hapo, maana laptopu nyembamba nyingine huhesabu nafasi wakati RAM yenyewe imechomelewa. Na kama Windows yako ni ya biti 32, haitatumia zaidi ya GB 4 hata ukiweka 16.

Sasa zima kabisa, chomoa chaja, toa betri kama inatokea nje. Shikilia kitufe cha kuwashia sekunde kumi, halafu gusa kitu cha chuma ili umeme wa mwilini ukutoke. Hii yetu mfuniko wake wa chini unaachia bila bisibisi. Yako ikiwa na skrubu, zipange kwenye karatasi kama zilivyokaa, kwa sababu ndefu ikirudi kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa bodi. Kama betri iko ndani, chomoa waya wake kabla ya kugusa kingine chochote.

Hapa soma lebo ya RAM. Naomba uisome kweli. Mwaka jana nilimwagizia mteja RAM kutoka Dar, ikaja kwa basi. Muuzaji alisema ni DDR3, ikafika DDR4, kizazi kingine cha RAM. Pengo la chini, kati ya meno ya dhahabu, limekaa mahali pengine, haiingii. Nauli ya kuirudisha ikala faida yote, na mteja akakaa wiki nzima bila mashine. Hapa imeandikwa PC3L. Hiyo L maana yake volti 1.35. Ile ya PC3 tupu inataka 1.5, na mashine kama hii inaweza kugoma kuwaka. Piga picha lebo, mtumie muuzaji picha.

Kuiweka: shika pembeni, usiguse dhahabu. Linganisha pengo, ingiza ikiwa imeinama, sukuma hadi dhahabu izame, kisha ilaze. Umesikia? Vishikizo viwili vimelia.

Diski ndiyo atakayoisikia zaidi. Ya zamani inazunguka mara 5,400 kwa dakika na husoma kama MB 100 kwa sekunde; SSD, yaani diski isiyo na kitu cha kuzunguka, ya aina ya SATA hufika kama 500. Nunua ya inchi 2.5, unene milimita 7. Kwa mashine mpya zinazotumia SSD ndogo nyembamba iitwayo M.2, hakikisha kama inataka aina ya SATA au ya NVMe, maana kwa macho zinakaribia kufanana. Kabla hujafungua mashine, nakili mafaili yote kwenye diski ya nje, betri ikiwa imejaa, umeme wetu ukikatika usikukute katikati.

Kabla ya kufunga, pitisha brashi kwenye feni. Ona vumbi jekundu lote hili.

Washa. Mara ya kwanza kioo kinaweza kukaa cheusi kidogo, subiri. Ikilia milio bila kuonyesha kitu, zima, toa RAM, irudishe kwa nguvu kidogo zaidi. Hii, baada ya kuwekewa Windows kwenye SSD mpya, imewaka: GB 8, na mwalimu yuko kwenye Word.