Uliacha Kuandika Programu Miaka Mingi? Pitia Mlango wa Mifumo Mikuukuu

Haya, habari zenu wapendwa. Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba, wa rika langu mambo vipi. Leo sirekodi kutoka Leicester, kule Uingereza. Mnaona wenyewe hapo nyuma kuna mwembe na tanki la maji: niko Sinza, kwa dada yangu, nimekuja likizo. Mkisikia bodaboda mjue ndiyo Dar hiyo, sina namna ya kuzinyamazisha.

Mada ya leo nimeitoa kwenye kikao cha harusi. Nilikaa jirani na kaka mmoja, jina simtaji, mwenyewe anajijua. Mwaka 2003 tulikuwa ofisi moja pale Posta, tunaandika programu kwa Visual Basic 6. Siku hizi ana duka la vifaa vya ujenzi, nondo, saruji, mabati. Mwenyekiti anasoma ahadi za michango, yeye ananinong'oneza: "Dada, nasikia umerudi kwenye kompyuta. Kwa umri huu wetu? Mimi nikirudi leo si nitachekwa na watoto?"

Kikao hakikuwa mahali pa kumjibu, maana na sisi zamu yetu ya kuahidi ilikuwa inakaribia. Lakini anayeuliza hivyo si yeye peke yake. Kuna akina mama walioacha kazi kulea, kuna waliohamia ualimu, kuna waliopandishwa vyeo hadi wakasahau jinsi ya kuandika hata mstari mmoja. Mimi mwenyewe niliacha 2006 nilipomfuata mume Uingereza. Watoto wakaja, halafu zamu za usiku kwenye nyumba za kulelea wazee, miaka ikaenda. Sasa nina miaka 49 na ninalipwa tena kwa kuandika programu. Kwa hiyo, kaka, kaa vizuri, jibu lako hili hapa.

Watakucheka, ndiyo, kama utaingia kwa mlango wao.

Mlango wao ni wa vitu vipya, zana za kuandikia tovuti na programu za mtandaoni. Sisi tunaondoka, jQuery ndiyo kwanza imetoka, 2006 hiyo. Ikaja Node.js 2009, ikaja AngularJS 2010, ikaja TypeScript 2012, ikaja React 2013, na katikati yake kuna mengine ambayo yalizaliwa na kufa sisi hatuna habari. Mtoto wa dada yangu hapa ana miaka 24, anaandika React huku anakula chipsi mayai. Jana nimemtajia Visual Basic 6 akaniangalia kwa huruma: "Mama mdogo, hiyo kitu bado ipo?" Ukitaka kushindana na huyu kwenye kitu alichokua nacho, utanunua kozi, utamaliza bando, na ukifika mwisho wa kozi yeye kashahamia kingine. Hana watoto, halali mapema, mgongo haumuumi.

Ila swali lake lina jibu, na jibu lake ndiyo mada yangu. Ndiyo, bado ipo. Visual Basic 6 ilitoka 1998, na Microsoft waliacha kuihudumia ile zana ya kuandikia Aprili 2008. Lakini programu zilizoandikwa kwayo bado zinafunguka kwenye Windows 11. Ndiyo maana hakuna aliyezitupa. Nendeni kwenye ofisi za SACCOS, shule binafsi, zahanati, maduka ya spea, mtakuta kwenye kona kompyuta moja ambayo haruhusiwi mtu kuigusa, na ndani yake kuna mfumo wa hesabu ambao aliyeuandika kashahama mji. Au kashahama nchi. Wengine mnaniangalia hapa.

PHP, ile lugha ya kuandikia tovuti, ndiyo kabisa. Sisi tuliojifunza PHP zama zile, kila kitu tulikuwa tunaita mysql_query, ile amri ya kuuliza kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa, si mnakumbuka? Hiyo ilifutwa kwenye PHP 7, Desemba 2015. PHP 5.6, ya mwisho kuwa nayo, iliachwa hata kwa marekebisho ya usalama mwisho wa 2018. Sasa mwenye mfumo anafanya nini? Anakaa kimya, anaomba Mungu. Siku kampuni inayomkodishia seva ikipandisha toleo, asubuhi keshia anafungua anakuta ukurasa mweupe. Anaitwa kijana. Kijana anaangalia dakika kumi, anasema huu mfumo ni takataka, tuufute tuandike upya. Bosi anatoka jasho, maana humo ndani kuna akiba na mikopo ya wanachama tangu enzi za Mzee Mkapa.

Hapo ndipo unapoingia wewe.

Kuandika upya kila mtu anataka. Kusoma alichoandika mwenzako, bila maelezo, majina ya vigezo ni x1, x2 na jumla_mpya_mpya, hiyo wengi hawana subira nayo. Wewe unayo, kwa sababu tulilelewa hivyo. Kumbukeni, kabla ya SEACOM, kebo ya intaneti inayopita baharini, kufika hapa Dar Julai 2009, intaneti yetu ilikuwa ya setilaiti, ghali, polepole. Stack Overflow, tovuti ya waandika programu kuulizana maswali, haikuwepo hadi 2008. Hitilafu ikitokea, unakaa nayo. Unachapisha msimbo kwenye karatasi, unachukua kalamu nyekundu, unafuata mstari kwa mstari hadi uijue tabia ya aliyeandika. Kumbe ule ulikuwa ufundi.

Nawapa mfano. Chukua mfumo wa SACCOS. Katikati ya hesabu za mikopo unakuta mistari miwili inayosamehe faini kwa wanachama waliojiunga kabla ya tarehe fulani. Hakuna maelezo. Aliyezaliwa juzi ataifuta, ataona ni uchafu. Mtu mzima atanyanyuka aende kwa keshia, si kwa bosi, kwa keshia: "Samahani dada, hawa wa zamani mbona hawatozwi?" Naye atakwambia kuna mkutano mkuu uliwahi kuamua hivyo, hao ndio waanzilishi. Umeona? Uamuzi wa mkutano mkuu unaishi kwenye mistari miwili tu, na usipouliza utakuja kuwatoza faini wazee waliokianzisha chama. Halafu ukajieleze mwenyewe.

Na huko ndani utakuta rafiki yako wa zamani hajabadilika. SQL, lugha ya kuulizia kanzidata. Ilizaliwa IBM miaka ya 1970, ikapata kiwango chake rasmi cha kwanza 1986, na leo hii SELECT ya kuchagua taarifa ni ileile, JOIN ya kuunganisha majedwali ni ileile. Mpwa wenu huyu mwenye React, nilipomwandikia JOIN ya majedwali manne alinyamaza, chipsi zikapoa. Nikasema alaa!

Sasa msije mkasema nimewadanganya kwamba hamna cha kujifunza. Kipo, na ni lazima. Git kwanza, zana ya kutunza kila toleo la msimbo wako, ilikuja 2005 na sisi wengi hatukuwahi kuigusa. Zama zetu tulikuwa na folda inaitwa "mpya", nyingine "mpya ya mwisho", nyingine "mpya ya mwisho kabisa usifute". Hayo yamekwisha. Ukiupata mfumo wa mtu, kabla hujabadilisha hata nukta, nakili kila kitu, kanzidata pia, weka kwenye Git. Pili, acheni kuunganisha maneno ya mtumiaji moja kwa moja kwenye sentensi ya SQL. Tumieni PDO, njia ya PHP ya kuongea na kanzidata: andaa sentensi kwanza, kisha pitisha thamani. Mifumo yetu ya zamani mwizi anaingia kwa kuandika alama ya nukuu tu kwenye sehemu ya jina. Tatu, manenosiri. Tulikuwa tunayapitisha kwenye MD5, fomula ya zamani ya kuyaficha, tunajiona tumemaliza. PHP ina password_hash, ya kuyaficha vizuri zaidi, tangu toleo la 5.5, mwaka 2013, itumieni hiyo.

Na hili la manenosiri siku hizi si la kitaalamu tu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei Mosi 2023, na kuna Tume yake. Zahanati yenye majina na magonjwa ya watu kwenye faili la Access, ile kanzidata ndogo ya Microsoft, lisilo na ulinzi ina sababu ya kukutafuta wewe, hata kama mwenye zahanati bado hajaijua.

Haya, vipi kuhusu ile miaka ambayo hukuwa kwenye fani? Kwenye usaili wangu mmoja kule, simtaji mwajiri, kijana aliyekuwa ananihoji alifika kwenye wasifu wangu pale penye uwazi mkubwa akauliza kwa adabu: hapa ulikuwa wapi? Nikamwambia nilikuwa nagawa dawa kwa wazee. Kazi yenyewe ilikuwa ni programu ya kumbukumbu za dawa kwenye nyumba za wazee! Basi nikamweleza. Muuguzi ana glavu, ana trei mkononi, skrini yenu inajizima haraka, kwa hiyo anabonyeza "amekunywa" kabla mzee hajameza, ili asije akaingiza nenosiri upya. Halafu mzee anatema. Kwenye kumbukumbu zenu kanywa, kwenye mto dawa ipo. Kijana aliacha kuangalia wasifu, akaanza kuandika.

Kwa hiyo wewe kaka wa nondo, usinifiche lile duka. Unajua mkopo wa fundi unavyolipwa kidogokidogo, unajua mteja anayelipia mabati leo anayachukua baada ya mwezi bei ikiwa imepanda, unajua mashine ya EFD inavyosumbua saa za haraka. Programu za duka zinaandikwa na watu ambao hawajawahi kuuza hata msumari.

Na kurudi ukubwani si jambo la jana. Grace Hopper, mmoja wa waliofungua njia ya COBOL, lugha kongwe ya programu za biashara, alistaafishwa na jeshi la wanamaji la Marekani 1966 akiwa na miaka 60. Mwaka uliofuata wakamwita arudi. Aliondoka moja kwa moja 1986, ana miaka 79. Lakini ninayempenda zaidi ni wa kule ninakoishi, Stephanie Shirley. Aliingia Uingereza 1939 akiwa mtoto wa miaka mitano, mkimbizi. Mwaka 1962 akaanzisha kampuni ya programu kwa paundi 6, akaajiri wanawake walioacha kazi kwa sababu ya ndoa na watoto, wakafanyia kazi nyumbani. Kati ya wafanyakazi 300 wa mwanzo, wanaume walikuwa watatu. Barua za biashara alikuwa anasaini "Steve", maana akisaini jina lake hajibiwi. Akipiga simu kwa mteja, anawasha kanda yenye mlio wa taipureta ili kelele za mtoto zisisikike. Hawa akina mama ndio walioandika programu ya kisanduku cheusi cha ndege ya Concorde. Nikikumbuka hiyo kanda nacheka peke yangu, kwa sababu na mimi kuna mikutano nimefanya nikiwa ndani ya gari nje ya nyumba, watoto wasinisikie wala mimi nisiwasikie.

Najua mnachotaka kuuliza. Akili mnemba si imemaliza kazi zote? Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022 kila anayekutana nami ananipa pole. Mimi naitumia kila siku. Inaandika haraka kuliko mpwa wenu. Lakini inachoandika lazima mtu akisome, na inaandika kwa kujiamini hata pale inapokosea. Wale wanachama waanzilishi haiwajui, mkutano mkuu haikuhudhuria. Iombe ikufafanulie faili refu la Visual Basic 6, itakusaidia sana, kisha nenda kwa keshia uhakikishe.

Mengine madogo. Vaeni miwani, kuzeni herufi kwenye skrini, msione haya. Duka usifunge, linasomesha watoto, na mwanzoni hela ya programu huwa ya kubahatisha. Mimi nilibaki na zamu za wikiendi muda mrefu tu baada ya kuanza. Anza na saa mbili za alfajiri kabla hujafungua duka, kichwa kikiwa hakijaingiliwa na wateja. Ukitaka mazoezi ya kusoma mfumo mkubwa wa kweli, DHIS2 upo wazi bure. Ni mfumo wa taarifa za afya unaoongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeshiriki nao miaka mingi, na Wizara yetu ya Afya inautumia. Seva yake imeandikwa kwa Java. Usiogope ukubwa wake, chagua kitu kimoja tu, mfano namna unavyokokotoa ripoti, ufuate hadi mwisho.

La mwisho ni hela, na hili wa nyumbani mnaliharibu sana. Mtu anakuita "njoo uniangalizie tu", unakwenda, unakaa siku mbili unasoma mfumo, unampa majibu yote kwa mdomo, anakupa nauli na soda. Hapana. Kusoma mfumo ni kazi, iandikie bei yake peke yake. Mwambie: nitakagua kwa kiasi hiki, utapata karatasi inayosema kuna nini ndani, kipi kibovu, kipi kiachwe kama kilivyo, na kutengeneza ni bei nyingine. Chukua nusu kabla hujafungua kompyuta. Akisema kuna kijana atakagua bure, mwache amwite kijana. Mwachie na namba yako ya simu.