Kubadili kitasa cha nje cha mlango wa Vitz kwa kitasa cha mtumba, bila kufungua kava ya ndani

Haya wadau karibuni, leo tupo na Vitz, hii tunayoita nyu modo, ambayo Toyota waliitoa kuanzia 2005 mpaka 2010 na nchi nyingine wanaijua kama Yaris. Shida yenyewe hii hapa, mlango wa dereva, kitasa cha nje kimekatika kwa ndani upande wa nyuma, ukivuta kinacheza tu mlango haufunguki, mwenye gari inabidi azunguke afungue mlango wa abiria ajinyooshe afungulie kwa ndani. Vitz nyingi hapa Dar zinapiga kazi ya teksi mtandao, watu kutwa wanavuta vitasa loki haijatolewa, juu yake weka jua letu hili, plastiki inakauka mpaka inaachia. Ninachofanya leo kinafaa milango yote minne.

Kitu kimoja nataka ukishike kabla sijagusa bisibisi. Kitasa hiki hakihitaji kufungua kava ya ndani ya mlango! Mafundi wengi wanaing'oa, wanavunja zile klipu, nailoni ya kuzuia maji inachanika, halafu mvua ikinyesha maji yanaingia ndani ya gari, na yote hiyo kazi haikuwepo. Kava ya ndani unaifungua kama kilichovunjika ni fremu iliyo ndani ya mlango, au kama kitasa chako kina waya, yaani zile gari za smati kii zenye kitufe cheusi juu ya kitasa. Kama ni kitasa cha kawaida kama hiki, twende.

Tuanze na spea yenyewe. Ukienda Gerezani, hapa Dar, au popote wanapouza spea za mtumba kutoka Japan, nenda na kile cha zamani mkononi, usiende na maneno. Mimi napenda cha mtumba orijino kuliko kile kipya cha bei rahisi, maana vile vya bei rahisi plastiki yake laini, ukikibana unaona kinapinda. Ukipewa kigeuze, usiangalie rangi kwanza, angalia mgongoni. Mbele kuna ndoano, nyuma kuna huu mguu uliochomoza, ona hapa nausogeza karibu na kamera. Pitisha kucha kwenye kona ambapo mguu unaungana na mwili wa kitasa, kucha ikikwama kwenye kamstari basi hicho kina ufa, kirudishe. Hakikisha na zile raba mbili za chini zipo, hazijakakamaa. Na nunua kwa mtu mwenye duka anayekupa risiti, spea za wizi zipo mtaani na tukizinunua tunawapa kazi wanaotuibia.

Rangi sasa. Tafuta kibati cha taarifa za gari, kwenye nguzo ya mlango au ndani ya boneti, patakuwa pameandikwa C/TR, namba ya kwanza mbele yake ndio kodi ya rangi, yaani namba ya kuitambulisha rangi ya gari: 040 ni nyeupe, 1F7 ni silva, 202 nyeusi. Ukipata kodi hiyo hiyo poa, usipopata chukua kizima cha rangi yoyote ukipake, rangi inapakwa lakini ufa hauzibiki.

Vifaa ni vichache: bisibisi bapa ndogo, maskintepu, grisi kidogo, na bisibisi ya T30, ile yenye ncha ya nyota ya pembe sita. Tafadhali usilazimishe na elenki, ile spana ya pembe sita iliyonyooka bila nyota, utaila kichwa ile skrubu na hapo ndo kazi inakuwa kubwa kweli.

Fungua mlango, bandika maskintepu kuzunguka kitasa ili usichune rangi. Sasa njoo huku ubavuni mwa mlango, upande wa loki, usawa wa kitasa, kuna kizibo kidogo cha raba. Kichokonoe taratibu kitoke. Ndani yake ndo kuna skrubu, mulika na tochi ya simu utaiona. Ingiza T30, isukume ikae vizuri, halafu legeza. Hii skrubu haitoki nje, inabaki humo humo, wewe unalegeza tu mpaka kile kipande cha nyuma ya kitasa, hiki chenye tundu la ufunguo, kianze kuachia, ukiona kimeachia usiendelee kuzungusha. Ikiwa ngumu, na gari zinazolala karibu na bahari huwa ngumu kwa kutu, piga WD-40, ile dawa ya kupuliza ya kulegeza kutu, subiri dakika 10 urudie.

Kichomoe hicho kipande moja kwa moja kuja kwako. Hiki ndo chenye loki silinda, kitunze, kinarudi hapa hapa, ndo maana ufunguo wako utaendelea kufungua hata kama kitasa kimetoka gari nyingine. Muuzaji akikupa na cha kwake kiweke pembeni.

Sasa shika kitasa, kisogeze kuelekea nyuma ya gari, kivute nje, upande wa nyuma unatoka kwanza halafu ndoano ya mbele. Toa na raba zake, futa vumbi, utashangaa uchafu uliojaa hapo.

Kurudisha: panga raba, paka grisi kidogo kwenye ndoano na kwenye mguu, ingiza mbele kwanza, halafu nyuma, kisha sukuma kuelekea mbele mpaka kikae. Rudisha kipande chenye silinda, kaza skrubu kwa mkono tu, ikikaza inatosha.

USIFUNGE MLANGO BADO. Mlango ukiwa wazi, chukua bisibisi, sukuma ule ulimi wa loki ubavuni mpaka ujifunge kama vile mlango umefungwa, utasikia ta-ta. Halafu vuta kitasa. Ulimi ukiachia, safi, rudia mara kadhaa, jaribu na ufunguo, funga mlango, vuta tena, rudisha kizibo cha raba, toa maskintepu. Ulimi usipoachia na kitasa ni kizima, fungua upya uangalie kama mguu umeshika kile kichuma cha fremu. Kama umeshika na bado hakuna kitu, basi fremu ya ndani ndo imekufa, na hiyo kava ya ndani lazima itoke, nitaifungua kwenye video inayofuata kwa gari hii hii mlango wa nyuma kushoto.