Kidevu chini, ila siyo kwa kila mtu

Haya, wa nyuma mnanisikia? Poa. Leo tunaongelea mkao tu, yaani kichwa na mwili vikaeje mtu anapomeza. Mtu akishapigwa na kiharusi, au ana Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, kumeza kunaweza kuharibika, maji au chakula yakaingia njia ya hewa, anapaliwa, na wabaya zaidi ni wale wanaopaliwa kimyakimya, hakohoi hata kidogo, mnakuja kushtuka tayari ana nimonia.

Ile ya kuinamisha kidevu wote mnaijua. Ukikishusha kuelekea kifuani shina la ulimi linarudi nyuma, mlango wa njia ya hewa unakuwa mwembamba, halafu ule mfuko mdogo kati ya ulimi na kidakatonge, kile kifuniko cha njia ya hewa, unapanuka, kwahiyo maji yakitangulia kabla koo halijaamka yanatua hapo kwanza. Ndo maana inamfaa ambaye kumeza kwake kunachelewa kuanza. Ila kama shida yake ni mabaki yanayoganda chini ya koromeo, kuinama kunaweza kuyamwagia kwenye njia ya hewa, hukohuko tunakokukimbia! Mi nakereka sana kuona kila mgonjwa anaambiwa "inama" bila kuchunguzwa.

Na hata kwa wanaofaa siyo muujiza. Mwaka 2008 mtafiti wa kumeza Jeri Logemann na wenzake kule Marekani walitoa matokeo ya wagonjwa 711 wenye demensia, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, au Parkinson, wote walikuwa wanapaliwa na maji, wakapigwa eksirei ya video wakimeza bariamu, ile dawa inayoonekana kwenye eksirei, na kwa kidevu chini asilimia 68 bado walipaliwa.

Sasa koromeo likilegea upande mmoja, uso unageuzwa upande ule DHAIFU. Najua mnataka kubisha, kila mara watu wanabisha hapa. Ukigeukia upande mbovu unaubana, tonge linapita upande wenye nguvu, na mlango wa juu wa umio, ule mrija wa chakula, nao unalegea kidogo. Kulaza kichwa, sikio kwenda begani, ni kinyume chake, unalaza upande wenye nguvu ili uzito wenyewe ushushe chakula huko. Ukizichanganya hizi mbili unamuumiza mtu, bora kwanza mtaalamu wa kumeza aangalie kwenye eksirei au kwa kamera ya puani ipi inamfaa.

Hebu tazameni dari, mezeni mate. Tabu eh? Basi ndo unavyomfanyia mgonjwa ukimlisha umesimama, anakuinulia kidevu akufuate, kwahiyo kaa, macho yenu yalingane, kijiko kitokee chini. Na kikombe ndo balaa lenyewe, kikibaki nusu lazima arushe kichwa nyuma akimalize na ule mkao wote mliofundishana umeshakwenda. Mwongezee kabla hakijafika huko, au tafuta kile chenye ukingo uliokatwa kupisha pua. Akimaliza asilazwe, abaki wima kama dakika 30 hivi.

Haya, kaka wa shati jeupe, ulikuwa na swali.