Senti Tano za Garfield Zilivyofika Uholanzi

Ndugu washiriki, mtindo huu wa kumlipa daktari kabla mtu hajaugua haukubuniwa ofisini. Mwaka 1933 daktari kijana, Sidney Garfield, alifungua hospitali ndogo katika jangwa la Mojave, California, akitibu vibarua wa mfereji wa maji ya mto Colorado. Kampuni za bima zilimcheleweshea malipo hadi akakaribia kufilisika. Ndipo ikakubaliwa alipwe senti 5 kwa siku kwa kila mfanyakazi, mzima au mgonjwa. Inasimuliwa kwamba baada ya hapo alizunguka mwenyewe kazini akigongelea misumari iliyochomoza kwenye mbao. Jeraha, lililokuwa likimwingizia pesa, sasa lilimtia hasara!

Hiyo ndiyo asili ya Kaiser Permanente, shirika kubwa la Marekani linalotoa bima na matibabu kwa pamoja. Mwaka 1973 Rais Nixon alisaini sheria ya kuyakuza mashirika ya namna hiyo, yanayoitwa HMO, ambayo mwanachama huyalipa ada mapema naye hutibiwa na madaktari wao. Baadaye mchumi wa Stanford, Alain Enthoven, akaeleza jinsi kampuni za bima zingeweza kushindania wateja chini ya kanuni kali. Kwao mpango wake haukutekelezwa wote. Waholanzi ndio waliousogelea zaidi.

Hapo Uholanzi naomba tukae kidogo. Tume ya Dekker, iliyoundwa na serikali kutazama upya bima ya afya, ilitoa mapendekezo mwaka 1987. Sheria mpya ya bima ya afya ikaanza kazi tarehe 1 Januari 2006. Muda wote huo ulikwenda wapi? Siasa ilikula sehemu, lakini sehemu kubwa ilikuwa hesabu. Ukiilazimisha bima impokee kila mtu kwa bei ileile, itawabembeleza vijana na kumkwepa mwenye kisukari. Dawa yake ni mfuko wa pamoja unaoipa fedha zaidi kampuni ya bima iliyobeba wagonjwa wa gharama. Walianza mwaka 1993 kwa kuangalia umri na jinsia, vigezo visivyosema mengi. Mwaka 2002 wakaongeza dawa anazochukua mtu, na mwaka 2004 kumbukumbu za kulazwa. Hapo ndipo mgonjwa wa kisukari alipoanza kuonekana kwenye hesabu.

Daktari wa familia wa kutoa rufaa walikuwa naye tangu zamani, hawakuhitaji kumwagiza Marekani. Na kuna jambo walilikataa katakata. Desemba 2014 serikali ilitaka bima ziruhusiwe kutolipia kabisa matibabu ya daktari asiye na mkataba nazo. Seneti iliuangusha muswada, na kura tatu za hapana zilitoka kwa maseneta wa PvdA, chama kilichokuwa ndani ya serikali hiyohiyo. Kwa HMO za Marekani, hiyo ni nguzo ya nyumba. Waholanzi wamejenga bila hiyo, na gharama yake wanaibeba.

Sisi Tanzania tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, na washauri wa malipo kwa kichwa, yaani kiasi kilekile kwa kila mtu kama zile senti za Garfield, hawatakosa kubisha hodi. Mimi ningewapeleka kwanza kwenye dirisha la dawa la zahanati ambako kila kitu bado kinaandikwa kwenye daftari, niwaulize mwenye kisukari watamjuaje. Karibuni kwa maswali.