Tunahesabu Watu, Hatuhesabu Vitu

Mtangazaji 1: Karibu msikilizaji. Leo mimi na mwenzangu tunalizungumzia swali linalozuka kila inapotajwa hali ya dunia: je, kinachoielemea ni wingi wetu au ni wingi wa vitu tunavyotumia? Kaka, Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba tulitimia watu bilioni 8 tarehe 15 Novemba 2022, ilhali mwaka 1974 tulikuwa nusu ya hao. Mtu atakosaje kuogopa?

Mtangazaji 2: Hofu hiyo siidharau, dada, kwa sababu kila mtoto anayezaliwa ana haki ya maji, chakula na mahali pa kulala, na ardhi haiongezeki. Hata hivyo, imechelewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mwanamke alizaa watoto 5 kwa wastani wa dunia nzima. Leo ni wawili na ushei. Idadi inaendelea kupanda kwa kuwa walio katika umri wa kuzaa ni wengi, hata kama kila mmoja wao anazaa wachache kuliko mama yake. Makadirio ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 yanaonyesha kwamba tutafika kileleni katika miaka ya 2080, tukiwa takriban bilioni 10.3, kisha tutaanza kupungua polepole.

Mtangazaji 1: Na kilichopunguza kasi hiyo ni nini?

Mtangazaji 2: Zaidi ya yote ni wasichana kusoma, wanawake kupata njia za uzazi wa mpango walizozichagua wenyewe, na wazazi kuwa na uhakika kwamba watoto wao watakua. Mambo hayo yangestahili kufanywa hata kama dunia ingekuwa na watu wachache mno.

Mtangazaji 1: Basi tuje kwenye matumizi.

Mtangazaji 2: Huko ndiko kunakonikosesha usingizi. Tangu mwaka 1970 idadi ya watu imeongezeka zaidi kidogo ya maradufu, lakini jumla ya madini, mchanga, mafuta, magogo na mazao tunayoyatoa ardhini imezidi mara tatu, kutoka takriban tani bilioni 30 kwa mwaka hadi zaidi ya tani bilioni 100. Kwa hiyo hata kama tungebaki wengi vilevile tulivyokuwa wakati ule, mzigo ungekua. Tena mzigo wenyewe haugawanyiki sawa, kwani asilimia 10 ya watu wenye kipato kikubwa zaidi ndio wanaosababisha karibu nusu ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Mara nyingi familia inayolaumiwa kwa kuzaa sana ndiyo inayotumia kidogo kuliko zote.

Mtangazaji 1: Hapo nina neno. Familia hiyo nayo inataka friji, taa na usafiri, na inastahili kuvipata.

Mtangazaji 2: Inastahili kabisa, na ndiyo maana wanaotumia kupita kiasi hawana budi kuwapisha wengine. Kinachoniuma ni kwamba sehemu kubwa ya ziada hiyo haimfaidii hata anayeinunua.

Mtangazaji 1: Nililiona hilo kwa macho yangu. Simu yangu ilikuwa haina kasoro isipokuwa betri, ambayo haikuwa ikikaa na chaji hata nusu siku. Fundi aliipasha moto mgongoni, akapenyeza kikadi chembamba ukingoni na kukisogeza taratibu kwa hofu ya kupasua kioo, kwa sababu betri ilikuwa imegandishwa kwa gundi. Kazi iliyopaswa kuchukua dakika moja ilichukua karibu saa nzima. Nilijiuliza ni wangapi wangekuwa na subira hiyo badala ya kununua simu mpya.

Mtangazaji 2: Na desturi hiyo haikuanza leo. Mwishoni mwa mwaka 1924 watengenezaji wakubwa wa balbu walikutana Geneva, wakakubaliana kwamba balbu isiwake zaidi ya saa 1,000, ingawa nyingi zilikuwa zikifika 1,500 au zaidi, na kiwanda ambacho balbu zake zilidumu kupita kiwango hicho kilitozwa faini. Wahandisi hodari walipewa kazi ya kufupisha maisha ya kitu kizuri! Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo.

Mtangazaji 1: Kuna sheria zinazolizuia hilo?

Mtangazaji 2: Zimeanza. Tangu Juni 2025, Umoja wa Ulaya unawataka watengenezaji wa simu wahakikishe kwamba vipuri muhimu vinapatikana kwa miaka 7 baada ya modeli kuacha kuuzwa. Ningependa kuona sharti kama hilo katika kila soko, likihusu pia friji na mashine za kufulia, maana anayenunua friji yake ya kwanza ndiye anayeumia zaidi ikifa mapema.

Mtangazaji 1: Nami nikienda dukani tena, kabla ya kuuliza bei nitauliza betri inatolewaje.