Anga Haiwezi Kuwa Giza Kuliko Ukuta

Waandaaji wameniomba leo niongee jambo lingine, mnisamehe, nimeshindwa. Picha zenu za HDR, zile za kuunganisha picha kadhaa za mwanga tofauti ili penye giza na penye jua vyote vionekane, zinaharibika sio kwa sababu ya kamera wala programu, ni kwamba mnavuta slaida, vile vitelezi vya kwenye programu, mpaka mwisho halafu mnasema ndo sanaa.

Ngoja niwape kisa. Nilipiga chumba mchana, dirisha kubwa, nje jua kali. Tripodi, fremu tano, yaani picha tano, ekspoja, kile kiasi cha mwanga, nikazipishanisha stopu mbili mbili, kila stopu ni mwanga mara mbili, nikaunganisha nikapata faili la biti 32, kila kitu kimo, kuanzia vumbi chini ya kiti hadi mawingu. Nikaingia kwenye toni maping, pale pa kubana mwanga wote utoshe kwenye skrini, nikavuta, nikavuta tena, nikaona hapa nimeua! Nikamwonyesha mwanangu, alikuwa darasa la tatu, akaangaliaaa, akauliza, baba, taa iko wapi? Taa gani? Akanyoosha kidole kwenye kona ya chumba. Kweli bwana, kona inang'aa kuliko anga! Na ile miti ya fremu ya dirisha inayokatiza kioo, kila mmoja umezungukwa na ukungu mweupe. Ndo siku hiyo nikaielewa hii kazi.

Iko hivi: programu haiangalii piseli, ile nukta moja ya picha, peke yake, inaangalia na majirani. Majirani wakiwa giza inaipandisha, wakiwa na mwanga inaishusha. Sasa kipande cha anga kilichogusana na fremu nyeusi ya dirisha kina majirani giza, kinapandishwa bila sababu, ukungu ndo huo. Na dawa yake sio ngeni, watafiti Durand na Dorsey walionyesha tangu 2002 namna ya kulainisha mwanga bila kuvuka kingo, yaani mipaka ya vitu.

Mtaniambia skrini ya kawaida ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, na mandhari ya stopu 14 ni tofauti ya zaidi ya mara 16,000, kwa hiyo lazima kubana. Nani kakataa? Bana! Ila ni kama foleni, watu wasogee wabanane, lakini wa nyuma asije akapita mbele. Mwingine atasema hata macho yanafanya hivyo hivyo, sawa, lini macho yako yamekuonyesha kona ya chumba inaishinda anga ya saa sita mchana? Mpiga picha Mfaransa Gustave Le Gray miaka ya 1850 alikuwa anaunganisha negativu mbili, moja ya anga moja ya bahari, huyo hakuwa na slaida hata moja, na anga yake ilibaki anga.

Kipimo changu: igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe, finya macho, uliza nini kinang'aa zaidi. Kama ni kona, rudi nyuma.

Majani yakicheza na upepo utapata mizimu, kitu kimoja kinaonekana mara mbili mbili, washa ile ya kuondoa mizimu. Chenga, vile vinukta vya ovyo, kwenye vivuli, ongeza fremu yenye mwanga zaidi basi. La rangi kukolea naliruka, naona naonyeshwa saa. Wenye laptop fungueni, slaida zote sifuri kwanza, na wewe wa nyuma hapo, nimekuona, nimesema sifuri.